Debian testing kwenye steshenari: kitu kizuri chenye msimu wake

Wateja wangu hawajui kwamba kompyuta za hapa dukani zinatumia Debian, mfumo endeshi wa bure wa ukoo wa Linux, na hawana haja ya kujua. Wanachotaka ni kopi ya kitambulisho cha NIDA, mbele na nyuma kwenye karatasi moja, barua ya maombi ya kazi iliyonyooka, na PDF ya vyeti iliyopunguzwa mpaka mfumo wa maombi uikubali. Duka liko Tanga, karibu na shule na ofisi, kwa hiyo asubuhi nahudumia walimu na mchana vijana wanaotafuta ajira. Kompyuta za mbele zinatumia stable, lile toleo tulivu. Ya nyuma, iliyo jirani na mashine ya kulaminetia, inatumia testing, lile linaloandaliwa kuwa stable ijayo, na tathmini hii ni yake.

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aende zake. Testing ni mfumo mzuri sana kuanzia pale mlango wa toleo jipya unapoanza kufungwa, yaani mabadiliko makubwa yanapoanza kuzuiwa, mpaka siku toleo lenyewe linapotoka. Nje ya kipindi hicho iweke kwenye kompyuta ambayo hata ikilala siku mbili hakuna mteja atakayeondoka mikono mitupu. Wanaokwambia testing ni salama mwaka mzima na wanaokwambia testing ni vurugu tupu wote wanasema kweli. Ni vile tu walijaribu miezi tofauti. Ina msimu, kama jahazi lilivyo na kusi na kaskazi, na anayelalamika kwamba chombo hakiendi huenda amepandisha tanga upepo ukiwa bado haujageuka.

Kwa ambaye hajawahi kuingia ndani, Debian ina matawi matatu yanayokwenda pamoja. Kifurushi kipya cha programu huingia kwanza unstable, ambayo jina lake la kudumu ni sid. Huko kila mtunzaji, yaani msimamizi wa kifurushi, anaweka kazi yake ikiwa mbichi. Kikikaa siku zake bila kuzua balaa, programu iitwayo britney hukisogeza testing. Siku hizo zinategemea uharaka alioandika mtunzaji: 2, 5 au 10, na kawaida ni 5. Toleo likikaribia, testing hufungwa polepole, husafishwa, kisha siku moja hugeuka kuwa stable. Chumba hiki cha katikati kipo tangu mwaka 2000, na kwa maoni yangu ndicho kitu cha akili kuliko vyote ambavyo mradi huu umebuni. Wengine wengi wanakupa ama kibichi ama kilichoiva. Hawa wana mahali rasmi pa kungojea.

Britney haina upendeleo. Kifurushi hakipiti kama kimeleta hitilafu ya ngazi ya serious, grave au critical ambayo testing haikuwa nayo. Hakipiti kama kuingia kwake kutaacha kifurushi kingine kikining'inia bila maktaba zake, yaani vipande vya programu ambavyo vifurushi vingi huvitegemea kwa pamoja. Tangu 2019 hakipiti pia kama kilijengwa kwenye laptopu ya mtunzaji. Lazima kijengwe na seva za Debian zenyewe. Juu ya hapo kuna majaribio ya mashine. Autopkgtest huchukua majaribio aliyoyaweka mtunzaji ndani ya kifurushi na kuyaendesha kwenye mfumo uliosakinishwa kweli, na si ya kifurushi hicho peke yake: hata vifurushi vinavyokitegemea navyo hujaribiwa upya. Maktaba ikibadilika na kuharibu programu ya jirani, jirani ndiye anayepiga kelele, na maktaba inazuiwa mlangoni. Halafu kuna piuparts, ambayo kazi yake ni kusakinisha kifurushi, kukipandisha toleo, kukiondoa, kisha kukagua kama kimeacha takataka nyuma. Nimeondoa programu nyingi maishani kwenye mifumo mingine, na nawaambia, usafi wa namna hii si jambo la kawaida.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba majibu yote yako wazi. Ukiona kifurushi unachokisubiri hakijafika, fungua tracker.debian.org, tafuta jina lake, utasoma kimekwama wapi: kimebakiza siku ngapi, jaribio gani limeanguka, kinamsubiri nani. Hakuna fundi wa kumbembeleza wala namba ya huduma kwa wateja inayoita bila kupokelewa. Ukurasa wenyewe una sura ya ofisi ya zamani, maandishi madogo na viungo kila kona, lakini taarifa imo.

Sasa tuje kwenye upungufu, maana mashine hujibu lile tu iliyoulizwa.

Mwezi Machi 2024 ndio mfano ambao kila anayetumia testing anaukumbuka. Xz ni programu ya kubana mafaili, ipo karibu kila kompyuta ya Linux. Mtu aliyejiita Jia Tan, ambaye alikwisha kujijengea imani kwenye mradi huo kwa muda mrefu, aliingiza mlango wa siri kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Na msimbo wenyewe aliuficha wapi? Ndani ya mafaili ya majaribio, yaleyale yanayowekwa ili kuhakikisha programu inafanya kazi. Vifurushi vikapita sid, vikaingia testing, taa zote za kijani. Aliyegundua ni Andres Freund, mmoja wa watengenezaji wa PostgreSQL, programu ya hifadhidata, aliyekuwa akipima mambo mengine kabisa kwenye mashine yake ya sid. Akaona SSH, programu ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali, inachukua sekunde 0.807 pale ilipokuwa ikichukua 0.299. Nusu sekunde tu! Watu wengi tungeilaumu intaneti tukaendelea na chai. Yeye alifuatilia mpaka chini, akaandika hadharani tarehe 29 Machi. Debian ikarudisha toleo la zamani chini ya namba ambayo sijawahi kuona nyingine kama hiyo, 5.6.1+really5.4.5-1, na stable haikuguswa hata kidogo.

Tukio hilo husomwa kwa namna mbili. Wapo wanaosema: unaona, testing iliingiza sumu. Mimi nasoma hivi: sumu iliishia kwenye vyumba vya nje, ikakamatwa na mtu mmoja anayejua mashine yake inavyokuwa siku ya kawaida, kabla haijafika kwenye seva za hospitali na benki. Hiyo ndiyo huduma yenyewe. Ila huduma hiyo inahitaji watu wanaoishi humo, wenye kazi zao za kila siku, wanaoshtuka kitu kikichelewa.

Miezi hiyohiyo kulikuwa na jambo jingine, lisilo la siri wala ubaya, lililofanya testing isikalike vizuri. Kompyuta za biti 32 zilizohesabu muda kwa namna ya zamani zitafika ukomo tarehe 19 Januari 2038, na Debian iliamua kumaliza tatizo mapema kwa kujenga upya maelfu ya vifurushi. Maktaba nyingi zikabadilishwa majina, zikaongezewa t64 mwishoni: libssl3 ikawa libssl3t64, na wenzake hivyohivyo. Majina yalibadilika hata kwenye kompyuta za biti 64 zisizo na tatizo lolote. Fikiria umeandika amri ya kusasisha, na mfumo unakwambia ili kuingiza hiki lazima niondoe kile, na kile ni nusu ya desktop yako. Kila kitu kilikuwa kikipita kwa awamu, na njia pekee ya busara ilikuwa kujibu hapana, kufunga terminali (dirisha la kuandikia amri), na kurudi wiki nyingine. Aliyekubali kila alichoulizwa alibaki na skrini nyeusi na mshale. Sisemi Debian walikosea. Kazi ile ilikuwa lazima ifanyike, na testing ndipo mahali pake. Nasema tu hukupaswa kuwa na foleni ya wateja siku ile.

Linganisha na mwaka uliofuata. Kwa trixie, yaani Debian 13, mlango ulianza kufungwa tarehe 15 Machi 2025: maktaba kubwa hazibadilishwi tena. Tarehe 15 Aprili ikafuata hatua ya pili, hakuna vifurushi vipya, marekebisho madogo tu. Tarehe 17 Mei ikakazwa zaidi, na tarehe 27 Julai ikafungwa kabisa, kila kinachopita lazima kiruhusiwe na mtu wa kikosi cha matoleo kwa mkono wake. Toleo likatoka tarehe 9 Agosti. Kuanzia Aprili pale ule mfumo ulikuwa mtamu kuutumia. Vifurushi vinavyoingia vinapungua kila wiki, na kila kinachoingia kinarekebisha kitu. Unafungua kompyuta asubuhi ikiwa bora kidogo kuliko jana, na hakuna kilichohama mahali pake. Sijawahi kutumia mfumo wa kulipia uliokuwa unaimarika namna hiyo kwa utulivu.

Kuna zana ndogo ambayo bila hiyo nisingethubutu, nayo ni apt-listbugs. Ukishaisakinisha, kila unaposasisha, kabla kitu chochote hakijasakinishwa, inakwenda kuuliza kwenye daftari la hitilafu la Debian: hivi vifurushi mnavyotaka kuniletea, kuna aliyelalamika? Inasimama hapo. Inakuandikia kifurushi, toleo ulilonalo na toleo linalokuja, ngazi ya hitilafu, namba yake na kichwa cha malalamiko. Kisha inauliza kama bado unataka. Kijana wangu wa dukani siku ya kwanza kuiona aliniita, "Dada, njoo, imekataa." Nikamwambia haijakataa, inakuuliza. Bonyeza namba usome. Akasoma malalamiko ya mtu wa nchi nyingine ambaye kompyuta yake haikuwaka baada ya kusasisha kifurushi kilekile, na majibu ya mtunzaji chini yake. Tukakizuia kile kimoja, vingine vikaendelea. Zana yenyewe inakumbuka ulichozuia na kukiachia ikiona hitilafu imefungwa. Upungufu wake ni mmoja: bila intaneti haina cha kukuambia.

APT 3.0, programu ya kusakinisha na kusasisha vifurushi iliyokuja na trixie, nayo imesaidia macho. Zamani orodha ya vinavyosakinishwa na vinavyoondolewa ilikuwa fungu moja la maneno yaliyoshikana, na mtu mwenye usingizi hakutofautisha. Sasa vimepangwa kwa safu, vinavyoingia kijani, vinavyoondolewa vyekundu na viko chini karibu na swali, halafu muhtasari na ukubwa wa kupakua. Nimemfundisha kijana kanuni moja tu: ukiona jina jekundu usilolijua, usibonyeze Enter, niite.

Majaribio yangu mwenyewe hayana ufundi wowote. Nachukua kazi za dukani zilizokwisha lipiwa, zisizo na siri ya mtu, nazipitisha kwenye kompyuta ya nyuma. Nafungua barua iliyoandikwa kwenye Word na mtu mwingine, yenye anwani kulia, "Yah:" iliyokolezwa na kupigwa mstari, na jedwali la majina. Natazama kama jedwali limebaki ukurasa wa kwanza au limeteleza. Naandika aya ya Kiswahili kuona kama kamusi ya hunspell-sw imewaka au kila neno limepigwa mstari mwekundu. Naweka kibodi ya Tanzania, naandika. Naipa Ghostscript, programu ya kupunguza PDF, faili la vyeti vilivyopigwa picha kwa simu, niitazame inashuka kiasi gani na kama muhuri bado unasomeka. Kisha kitambulisho: skani mbele, skani nyuma, weka pamoja, chapa. Hicho cha mwisho ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote, kwa sababu kinagusa skana, programu ya picha, LibreOffice na printa kwa mkupuo, na hakuna seva popote duniani yenye skana ya mtumba iliyonunuliwa Kariakoo.

Hapo ndipo ilipotokea kazi ya kweli. Wakati wa masika, mlango ukiwa tayari umeanza kufungwa, skana hiyo ilianza tabia: ukurasa wa kwanza unatoka, wa pili inaganda mpaka uchomoe waya wa USB na kuurudisha. Kwa mtu wa nyumbani anayeskani karatasi moja kwa mwezi, asingejua. Kwa steshenari, upande wa pili wa kitambulisho ndio biashara yenyewe. Kwenye stable ya mbele skana ileile ilikuwa inakwenda bila shida, kwa hiyo nilijua tatizo si waya.

Nikafungua reportbug. Ni programu ya maswali na majibu kwenye terminali. Inakuuliza kifurushi gani, inakuletea malalamiko yaliyokwisha andikwa ili usirudie la mwenzako, inakuuliza kichwa cha habari kwa maneno machache, kisha ngazi. Nikachagua important, siyo grave, maana hapakuwa na kitu kilichopotea. Inakufungulia barua yenye mifupa tayari: ulifanya nini, ulitegemea nini, kikatokea nini. Chini yake inaweka yenyewe toleo la kerneli (kiini cha mfumo), lugha ya mfumo na matoleo ya maktaba zinazohusika. Wewe unajaza nyama tu. Kiingereza changu ni cha kusoma zaidi kuliko kuandika, nikaandika sentensi fupi fupi, na hakuna aliyenicheka. Mtunzaji alijibu kwa adabu, akaniomba niendeshe skana nikiwa nimewasha log, yaani maandishi ya kila hatua inayopitia, nimtumie matokeo, akanitumia jaribio la kwanza, halikutosha, akatuma la pili, likatosha. Kifurushi sikitaji kwa sababu kimeshapona. Toleo la stable lilipotoka Agosti, skana ilikuwa inatoa kurasa zote, na kuna mtu mwenye skana ya aina hiyo mahali fulani ambaye hatajua kamwe kama palikuwa na tatizo.

Nikipima kama mteja, hapa ndipo huduma hii inapopata alama zake za juu. Nimewahi kupeleka malalamiko ya programu ya kulipia, nikajibiwa na barua isiyo na mtu nyuma yake. Hapa nilijibiwa na mtu anayekijua kifurushi, bila kulipa senti.

Lakini jueni jambo moja kabla hamjatuma. Daftari la hitilafu la Debian liko wazi kwa dunia nzima, na anwani ya barua pepe unayotumia itaonekana hapo daima. Fungueni anwani ya kazi hiyo tu. Na msiambatishe faili la mteja. Tengenezeni la mfano lenye majina ya kubuni. Mtu akikuamini na nakala ya kitambulisho chake, haikuwa ili iende kwenye kumbukumbu ya umma.

Gharama. Programu ni bure, bando si bure. Testing mlango ukiwa wazi inakula intaneti vibaya sana. LibreOffice ikibadilika, kerneli ikibadilika, na ukiwa na fonti na TeX (programu ya kupanga maandishi ya vitabu) juu yake, ni mamia ya megabaiti kwa wiki bila kuongeza kitu chochote kipya. Mimi nasasisha kwa bando la usiku. Mwenye kompyuta zaidi ya moja asakinishe apt-cacher-ng kwenye mojawapo, azielekeze nyingine huko kupitia port namba 3142. Kifurushi kinapakuliwa mara moja, zingine zinakichukua ndani kwa ndani. Shule yenye maabara ya kompyuta isiyofanya hivi inachoma pesa. Mlango ukifungwa matumizi yanashuka yenyewe, sababu nyingine ya kupenda msimu huo.

Usalama ni upungufu halisi, na Debian hawaufichi. Kikosi cha usalama kinahudumia stable kwanza. Testing hupata marekebisho kwa njia ya kawaida, kutoka sid, yakingoja siku zake. Hata yakiandikwa kuwa ya haraka, siku 2 zinapita, na yakikwama kwa sababu ya maktaba nyingine yanakaa zaidi. Kwa hiyo kompyuta ya nyuma haifunguliwi akaunti ya benki wala mfumo wa malipo wa mteja. Hili silijadili na mtu.

Halafu kuna mtego wa jina. Kwenye faili la vyanzo vya apt unaweza kuandika neno testing, au jina la toleo linaloandaliwa. Ukiandika testing, siku toleo linapotoka wewe hubaki nalo. Unabebwa kwenda kundi linalofuata, ambako mlango umefunguliwa upya na kila mtunzaji aliyekuwa amezuiwa miezi kadhaa anamwaga alichonacho. Tarehe 9 Agosti 2025 walioandika trixie waliamka kwenye stable bila kufanya lolote. Walioandika testing waliamka forky, toleo linalofuata. Kwa duka, andika jina la toleo.

Faida nyingine ya kuwa ndani mapema ni kuyaona mabadiliko kabla hayajakukuta mbele ya watu. Kwenye trixie folda ya mafaili ya muda, /tmp, imehamia kwenye RAM, na inaweza kuchukua mpaka nusu yake. Kompyuta yenye RAM ndogo ikipewa PDF kubwa ya kuchapa itaanza kuhema. Kinachohitajika ni amri moja, systemctl mask tmp.mount, na kuwasha upya, lakini lazima ujue. Kwenye usakinishaji mpya pia vitu vilivyokaa /tmp siku 10 vinafutwa vyenyewe, na nina wateja, na vijana wa kazi pia, ambao huhifadhi kazi popote faili lilipofungukia. Pia trixie haina tena kisakinishi wala kerneli rasmi kwa kompyuta za zamani za i386, yaani za biti 32. Shule moja ninayoisaidia ina mashine za namna hiyo, na kwa kuwa nililijua hili mapema mwalimu wa kompyuta alipata muda wa kuliweka kwenye bajeti badala ya kulisikia siku ya mitihani.

Kuna anayeniuliza kwa nini si Fedora. Fedora wana mfumo uitwao Bodhi, ambako kila sasisho linakaa kwenye ghala la majaribio na watumiaji wanalipigia kura, +1 au -1, kabla halijaachiwa. Kwa urahisi wa kushiriki, Bodhi inaishinda Debian: kubonyeza +1 na kuandika "printa inachapa" si kazi. Lakini Fedora inatoa toleo takribani kila miezi sita, na mimi siwezi kuhamisha duka mara kwa mara. Mwenye laptopu moja na intaneti ya ofisini aende Fedora, hatajuta.

Kwa sasa kompyuta ya nyuma iko forky, itakayokuwa Debian 14, na mlango uko wazi, kwa hiyo nimeishusha cheo: haina printa, inatumika kusomea habari na kumfundishia kijana terminali. Kikosi cha matoleo hutangaza tarehe za kufunga mapema kabla hazijafika. Zikitangazwa, nitairudishia waya wa skana na kuanza kukusanya tena barua zenye "Yah:". Mwenye steshenari mwingine anayetaka kuingia naye asubiri hatua ya pili ya kufungwa, asakinishe apt-listbugs na reportbug siku ya kwanza kabisa, na aanze na kile kifaa ambacho kikigoma dukani kwake, wateja wanahamia duka la jirani.